Nywele, baridi na maneno ya watu

Dada yangu mkubwa, tunayeishi naye hapa Kibenga, Bujumbura, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nje ya nchi mwaka jana. Karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo iliondolewa. Maumivu ya kidonda tuliyatarajia. Nywele hatukuzitarajia. Mwezi wa nne baada ya upasuaji zilianza kubaki kwenye kitana, akalia kuliko siku ya upasuaji. Daktari alimweleza kwamba uzito ukishuka ghafla nywele hudondoka, na kwa kawaida huota tena baada ya miezi kadhaa, mradi ale protini ya kutosha na asiache vidonge vya vitamini B12 na madini ya chuma. Sasa akila anaanza na ndagala wa ziwani, bugali unafuata, vijiko viwili tu. Halafu baridi: katika joto hili la Bujumbura, yeye anavaa sweta!

Kilichomuumiza zaidi ni minong'ono. Huku kwetu mtu akikonda haraka, wanasema ana ukimwi. Harusini akikataa sahani ya pili, wenyeji wanaona amewadharau. Jamani, mkimwona mtu amepungua, msimuulize anaumwa nini. Msalimieni kama zamani.