Unaponunua osiloskopu iliyotumika, soma kwanza volti

Ndugu mfanyakazi, kisha kazi wengi wetu tunatengeneza radio na televisheni nyumbani, ili kuongeza feza ya chakula na ya masomo ya watoto. Hiyo ni kazi nzuri. Siku moja unakuta osiloskopu ya zamani inauzwa, ile mashini inayoonyesha mwendo wa umeme kwa mstari kwenye kioo chake. Muuzaji anakusifia: «Baba, hii ni ya 100 MHz!» Wewe unafurahi, unalipa.

Mimi nasema hivi: MHz ni nambari ya pili. Ya kwanza ni volti.

MHz zinaonyesha mashini inaweza kufuata umeme unaobadilika kwa mbio gani. Ukifika mpaka wake, inapunguza: umeme wa volti 10 unauona kama 7 hivi. Sauti ya radio haipiti Hz 20,000, kwa hiyo 20 MHz zinamtosha sana fundi wa vikuza sauti. Lakini mawimbi ya FM yanafika 108 MHz, na hapo hata ile ya 100 haitoshi. Usilipe nambari kubwa usiyo na kazi nayo.

Sasa tazama karibu na tundu la kuingiza waya. Pengine pameandikwa 400 V, pengine 250 V. Hizo ni volti za kilele. Mita yako kwenye priza inaonyesha 220, lakini kilele cha umeme huo kinafika 311. Basi mashini ya 250 V haiwezi kupokea umeme wa priza moja kwa moja. Sondi ya kugawa kwa kumi inasaidia, lakini nayo ina mpaka wake: usome. Kama hakuna maandishi, usinunue kwa kubahatisha.

Jambo la tatu ni waya wa ardhi. Kibanio cha sondi kimeungana na chuma cha mashini na ardhi ya priza. Televisheni nyingine za zamani, chuma chao cha ndani kimeungana na umeme wa priza. Ukibana pale, cheche zinaruka. Ndiyo sababu mafundi wengine wanakata waya wa ardhi. Ndugu, hilo ni kosa kubwa! Cheche zinakwisha, lakini sasa mwili wa osiloskopu wenyewe unaweza kubeba volti 220, na mtoto anapita karibu na meza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, shika fishi uitazame. Kama mguu wa ardhi umekatwa, usiwashe mashini mpaka itengenezwe. Kama priza ya nyumba yako haina ardhi, mwite fundi wa umeme aiweke. Na transfo ya kutenganisha iwekwe kwenye televisheni unayotengeneza, si kwenye osiloskopu. Tena usifungue mashini ya kioo cha zamani: ndani mna maelfu ya volti, na nyingine zinabaki hata ukiisha kuchomoa fishi.

Utaniambia: «Sina feza ya transfo.» Basi bado huna feza ya osiloskopu. Bei ya kweli ni ya vyote viwili pamoja. Afadhali ungojee mishahara miwili mitatu.

Kazini hugusi kebo kabla ya kukata umeme, kufunga kufuli na kupima. Nyumbani hakuna shefu wa usalama wa kukukataza. Shefu ni wewe mwenyewe.

Nawe mama unayesoma ukurasa huu, siku bwana analeta mashini hiyo nyumbani, umwulize maneno mawili tu: «Volti ngapi? Na waya wa ardhi uko wapi?» Akikosa jibu, mashini ikae kwanza bila kuwashwa.