Kusema "Hailevyi" Hakumtoshi Dereva

Sifa ya kwanza anayoitaja muuzaji wa mafuta ya CBD ni kwamba hayalevyi. Yametokana na mmea wa bangi, atakwambia, lakini kile kinachopanda kichwani kimeondolewa; mtu ameze matone yake asubuhi, apande pikipiki yake Hirbadaw, ashuke Katesh bila wasiwasi. Wapo wanaomjibu kwa ukali kwamba bangi ni bangi, trafiki apewe kipimo cha mate, na kila atakayekutwa na chembe yake akamatwe, hapo ajali zitapungua. Hoja zote mbili zina watu wengi nyuma yake, na zote mbili zinamwacha dereva na abiria wake bila msaada.

CBD ipewe haki yake kwanza. Kemikali inayolewesha ndani ya bangi ni THC. CBD ni nyingine, na kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilihitimisha mwaka 2018 kwamba CBD safi haionyeshi dalili ya kumfanya mtu awe mraibu. Mwaka huohuo wakala wa dunia wa kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, WADA, uliiondoa kwenye orodha yake ya marufuku. Barabarani nako imejaribiwa. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa watu 26 mvuke wa bangi za aina mbalimbali, kisha wakawapa gari waendeshe kilomita 100 kwenye barabara kuu, pembeni akiwa ameketi mwalimu mwenye breki yake, huku wakipima gari linavyoyumba ndani ya njia yake. Matokeo yalichapishwa Desemba 2020. Waliovuta bangi yenye CBD nyingi hawakuyumba zaidi ya wale waliopewa mvuke usio na kitu. Waliopata THC waliyumba waziwazi dakika 40 baada ya kuvuta, na saa nne baadaye tofauti ilikuwa haionekani tena. Na waliovuta mchanganyiko wa CBD na THC kwa kiasi sawa waliyumba vilevile. CBD haikuwakinga. Kijana anayeshawishiwa kwamba matone haya yanakata makali ya msokoto na kumrudisha usukanini akiwa timamu, matokeo hayo yanamhusu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mpaka hapo muuzaji hajadanganya sana. Tatizo ni kwamba watafiti walipima CBD yenyewe, na dereva anameza kilichomo kwenye chupa. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni kutoka kampuni 31. Bidhaa zenye kiasi cha CBD kilicholingana na maandishi ya lebo hazikufika theluthi moja. THC ilikutwa katika 18, na ndani ya baadhi yake ilitosha kumlevya mtu, hasa mtoto. Hiyo ni nchi yenye maabara kila mji na mawakili wa kushitaki kampuni. Chupa iliyotumwa na ndugu kutoka ng'ambo, au iliyonunuliwa kwa mtu aliyejitangaza WhatsApp, imepita mkononi mwa nani hadi ikafika Manyara? Anayesema "hailevyi" anazungumza juu ya kemikali ambayo hajui kama ndiyo aliyoishika.

Sheria yetu ya Tanzania nayo haimsubiri mtu alewe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu mmea wa bangi na mazao yake kuwa dawa za kulevya, na kifungo cha miaka 30 kimo ndani yake kwa makosa ya bangi. Dereva akikutwa na chupa ile, kazi ya kueleza imetoka wapi na imetengenezwa na nini ni yake, wala kauli ya muuzaji haitamsaidia. Madereva wa malori wanalijua jambo hili kupitia mirungi: upande wa Kenya ni zao la biashara, ukivuka Namanga ni dawa ya kulevya. Na wenzetu wanaokwenda kutafuta kazi ya udereva Dubai wafahamu kwamba CBD haiingizwi huko kama mafuta ya kawaida. Watu wamefungwa katika Falme za Kiarabu kwa mabaki madogo mno ya bangi.

Lakini kwa wilaya za Mbulu na Hanang, hofu yangu kubwa haipo kwa trafiki wala mahakamani. Ipo kwenye kifafa. Ugonjwa huu unafahamika sana katika ukanda huu. Daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake waliutafiti katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom na vijiji vinavyoizunguka, na mojawapo ya visababishi walivyovieleza ni mayai ya minyoo tegu wa nguruwe, ambayo yakiingia mwilini hujenga vifuko ndani ya ubongo. Wagonjwa wengi wanategemea vidonge vya fenobabito, dawa ya zamani, ya bei nafuu, na yenye kusinzisha. Mzazi mwenye mtoto anayeanguka, au kijana aliyechoka kusinzia mchana kutwa kwa sababu ya vidonge, akisikia kuna mafuta ya asili yanayotibu kifafa, atayatafuta hata kwa kuuza mbuzi. Simlaumu hata kidogo.

Habari hiyo ina chanzo cha kweli. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya CBD safi, Epidiolex, kwa aina mbili adimu za kifafa kinachowaanza watoto. Ila tazama vipimo vyake. Mgonjwa hutumia takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wakati mwingine hadi 20. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 600 kila siku. Chupa iliyoandikwa miligramu 500, hata lebo yake ikiwa ya kweli, haimalizi siku moja, na yeye ameambiwa atumie matone matatu kwa siku kwa mwezi mzima. Isitoshe, katika majaribio yaliyoipatia Epidiolex kibali, wagonjwa waliinywa juu ya dawa zao nyingine wala hawakuziacha. Na mtengenezaji wake mwenyewe anaonya kwamba inaweza kusinzisha, zaidi ikikutana na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, na kwamba mgonjwa asiendeshe mpaka ajue inavyomfanya. Kwa hiyo hata ile CBD safi kabisa, katika kipimo kinachotibu, haina ruhusa ya jumla ya kushika usukani.

Sasa mfikirie mtu aliyeacha fenobabito ghafla kwa sababu amepata matone. Dawa hiyo ikikatishwa kwa mara moja, degedege hurudi, na inaweza kurudi mfululizo bila kukoma. Mtu huyo yuko kwenye bodaboda, nyuma amembeba mama na mtoto. Hajavuta chochote. Kama matone yake hayana THC, kipimo chochote cha bangi kitasema ni msafi.

Hapo ndipo ninapowakatalia wale wa kipimo cha mate. Wanakifananisha na kile cha kupuliza kinachopima pombe, na ulinganisho huo hausimami. Pombe huyeyuka katika maji ya mwili, pumzi huonyesha kilichomo kwenye damu, na kiwango cha damu huendana vya kutosha na kuyumba kwa mtu. Ndiyo maana sheria iliweza kuweka namba, miligramu 80 katika mililita 100 za damu. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Hushuka haraka katika damu wakati mtu bado amelewa, kisha huendelea kuvuja kidogo kidogo baada ya ulevi kuisha. Mkojo wa mvutaji wa kila siku huweza kutoa mabaki yasiyolevya kwa wiki kadhaa. Mate hubeba kilichogusa kinywa, na mafuta ya CBD huwekwa chini ya ulimi. Kifaa hakiitafuti CBD. Kinatafuta THC, na ile chembe iliyobaki kwenye chupa isiyo safi inatosha kukiwasha.

Nchi zenye pesa za vifaa hivi bado zinavutana. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza kupima mate ya madereva barabarani Desemba 2004, na kwa miaka 20 aliyekutwa na THC ya kiasi chochote alikuwa na kosa. Tangu Machi 2025 hakimu anaweza kumwachia leseni mgonjwa aliyeandikiwa bangi na daktari ikiwa hakuwa ameathirika. Uingereza iliweka kikomo cha mikrogramu 2 katika lita ya damu mwaka 2015. Ujerumani ilipandisha kikomo chake kutoka 1 hadi 3.5 katika lita ya majimaji ya damu mwaka 2024. Kama namba hizo zingekuwa zinasoma ulevi wenyewe, zisingehitilafiana hivyo. Kuzileta kwenye barabara ya Singida hadi Babati zikiwa peke yake kutajaza mahabusu wavutaji wa juzi, huku dereva wa lori aliyekesha usukanini usiku wa pili akipungiwa mkono apite.

Simtetei anayevuta na kuendesha. Jaribio la Maastricht limeonyesha anavyoyumba, na wale walikuwa kwenye lami tambarare wakiwa na breki ya pili pembeni, si kwenye kona za mteremko wa changarawe msimu wa mvua. Nasema tu kwamba chombo cha kumshika tunacho tayari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza mtu kuendesha akiwa amezidiwa na kilevi au dawa kiasi cha kutokumudu chombo chake. Haiulizi kama dawa hiyo ni ya hospitali, ya mganga au ya dukani. Kinachokosekana ni kazi ya mikono. Muuguzi wa zahanati anayempa mgonjwa fenobabito amuulize kama anaendesha pikipiki, na kama kuna dawa nyingine anayotumia pembeni, amuulize bila kumtisha ili asifiche. Trafiki anayemsimamisha dereva mwenye macho mazito amshushe, amtembeze, amsikilize anavyojibu, aandike alichokiona na saa aliyokiona, ndipo ampeleke kituo cha afya atolewe damu kwa ajili ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Jibu la maabara likifika Katesh bila maelezo hayo, hakimu atakuwa na namba mezani, na hatakuwa na shahidi wa kumwambia yule mtu alikuwa anaendeshaje.