Mgeni njoo, lakini mwenyeji wa Kisauni atapona?

Juzi mpwa wangu, mtoto wa dadangu aliyelelewa Nairobi, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akanitupia swali: "Mjomba, nimechoka na baridi na msongamano. Kazi yangu ni ya kompyuta, mwajiri yuko Ujerumani. Nataka kuhamia mji wa Pwani wenye bahari, pa kutembea na wasanii. Nichague upi: Kilifi, Watamu, Diani au Lamu?"

Nikamuuliza, "Na Kisauni je?" Akacheka.

Najua kicheko kile kilikotoka. Jina letu husikika redioni vijana wenye mapanga wanapovamia watu, na hilo sitalificha, kwani sisi ndio tunaokimbiza watoto ndani jua likizama. Lakini swali la mpwa wangu ni la wengi. Tangu korona ya 2020 tumewaona watu wa bara wakihamia Kilifi na kompyuta zao. Oktoba 2024, Rais William Ruto alitangaza kibali cha wageni wanaotaka kuishi Kenya huku wakifanya kazi za nje kupitia mtandao. Watu hawa watazidi kuja, na Kisauni iko njiani mwao wapende wasipende.

Tukitumia kipimo cha mpwa wangu, hatupungukiwi. Bamburi kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, tunaouita Pirates. Kuna Haller Park, iliyokuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji hadi kazi ya kuyafufua ilipoanza 1971 kwa kupanda mivinje. Junda ina mikoko ya hori la Tudor, na Mwakirunge inatazamana na hori la Mtwapa. Ama intaneti, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapa Mombasa mwaka 2009. Nairobi inapata mtandao uliopita kwetu kwanza.

Sasa mtazame binamu yake, kijana wangu anayeishi Mtopanga. Naye ni mfanyakazi wa mtandaoni. Husikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa ughaibuni na kuyaandika neno kwa neno. Stima ikipotea, hupanda matatu hadi mjini kutafuta pa kuchomeka kompyuta, na nauli na bando humla nusu ya malipo ya siku. Maji hununua kwa mitungi kutoka kwa mkokoteni. Hakuna anayemwita mtaalamu wa kazi za mbali. Mtaani anaitwa kijana asiye na kazi, na polisi wakifanya msako huwa ni wa kwanza kuulizwa kitambulisho.

Binamu wawili, kazi ya aina moja. Mmoja anatafutiwa mji, mwingine anahesabiwa kuwa tatizo la mji.

Jambo la pili linaninyima usingizi zaidi. Wengi wetu Kisauni tunaishi katika nyumba bila ardhi. Kuta na mabati ni yangu, nilijenga kwa jasho langu, lakini kiwanja ni cha mwenye shamba ninayemlipa kodi kila mwezi. Mpango huu ni wa tangu enzi za babu zetu, na mara nyingi hauna hata karatasi. Ulidumu kwa sababu ardhi hii haikuwa na wateja wengi. Siku wageni wenye mishahara ya Ulaya watakapoanza kuulizia nyumba zenye upepo wa bahari, mwenye shamba atapata bei ambayo mimi siiwezi. Atauza, nami nitaambiwa nibomoe nibebe mabati yangu. Kule Likoni, wakaaji wa shamba la Waitiki, ekari 930, walipewa hati mwaka 2016 baada ya miaka mingi ya mvutano, na ilibidi serikali ilinunue shamba lenyewe. Sisi hatuna dalili ya kununuliwa.

Sisemi tuwafungie watu mlango. Pwani haijawahi kuwa hivyo, na nusu ya ukoo wangu ulikuja na jahazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakusema mwenyeji atapona bila kujiandaa.

Kwa hivyo nina mambo matatu kwa wakubwa wa kaunti. Kwanza, kila wadi iwe na ukumbi wenye stima ya uhakika, mtandao na meza, ili kijana wa Mtopanga asivuke daraja la Nyali kutafuta alichostahili kupata karibu na kwao. Pili, makubaliano ya nyumba bila ardhi yaandikwe na yasajiliwe sasa, kabla bei haijapanda, na anayeuza shamba alazimike kumpa mwenye nyumba nafasi ya kwanza kununua kiwanja chake. Tatu, njia za kuteremkia pwani zilindwe. Ufuo wa umma usiofikika ni umma wa jina tu.

Na mpwa wangu? Nilimwambia asinunue wala asilipe kodi ya mwaka kabla hajaonja. Aje akae Shanzu mwezi mmoja wakati wa kaskazi, joto limkaange, kisha mwezi mwingine wakati wa kusi, mvua inyeshe na mwani ujae ufuoni. Apange kwa mwenyeji, anunue samaki kwa mvuvi, ajue bei ya mtungi wa maji. Na kabla hajatafuta ukumbi wa wasanii, aje Mtopanga akae meza moja na binamu yake siku nzima, afanye kazi yake pale.

Amesema atakuja baada ya Idi. Kijana wangu ameshaanza kuuliza jirani kama betri yake inakodishwa.