Jetoni ya kila siku inanunua nini? Tuulize komini kabla ya kuuliza Kinshasa

Asubuhi moja ya wiki iliyopita nilikuwa kwenye soko moja la mji wetu wa Bukavu wakati mtoza kodi alipopita. Alisimama mbele ya kila meza, akatoa jetoni, akapokea franka, akaendelea na safari yake. Mama mmoja muuza sambaza alifungua kitambaa chake akaweka jetoni mpya pamoja na zingine za siku zilizopita. Nikamuuliza: «Mama, hizi pesa ni za nani?» Akajibu: «Ni za serkali.» Nikamuuliza tena: «Serkali gani?» Alinitazama kama mtu aliyeshuka mashua asubuhi ile ile. «Kwani serkali iko ngapi, mtoto yangu?»

Nyuma ya meza yake, mfereji ulikuwa umejaa matope, majani ya muhogo na chupa za plastiki. Mvua zimerudi. Wote wanaouza pale wanajua kwamba mvua kubwa ikinyesha, maji yale yatapanda hadi kwenye miguu yao.

Tangu siku ile, ulizo la yule mama halijanitoka kichwani. Jibu lake ni kwamba serkali si moja, na kwa kuwa hatulijui jibu hilo, tunalipa kila siku bila kujua tumdai nani.

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 3, inasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi ni ngazi zenye utu wa kisheria. Zina bajeti yake, zina mali yake, na zinajiongoza katika mambo yake. Hapa kwetu, hiyo ni kusema mji wa Bukavu pamoja na komini tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Kata si miongoni mwa ngazi hizo. Shefu wa kata ni mtumishi wa ngazi ya juu yake. Hana bajeti yake, na hana haki ya kubuni kodi yake mwenyewe.

Kisha ilikuja sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008, ambayo ilieleza kazi ya kila ngazi. Wengi hawajawahi kuisoma, na si kosa lao. Iko kwa Kifaransa kigumu na haijabandikwa mahali popote. Lakini ukiisoma, utashangaa. Masoko ya komini ni kazi ya komini. Mifereji ya maji machafu ni kazi ya komini. Vilevile njia za ndani ya komini, taa za njia hizo, usafi wa mitaa, na kuandikisha watoto wanaozaliwa, ndoa na vifo.

Tuweke pia upande wa pili, ili tusimwonee mtu. Maji ya bomba ni ya REGIDESO. Umeme ni wa SNEL. Polisi ni ya taifa. Mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa. Ukimpigia bugumesta kelele juu ya umeme, unampa nafasi ya kukujibu: «Hiyo si kazi yangu.» Na atakuwa na haki. Lakini ukimwonyesha mfereji wa soko uliojaa, jibu hilo hana.

Desturi yetu ni kinyume. Takataka zikijaa, tunamlaani rais. Njia ya mtaa ikikatika, tunamlaani gavana. Yule aliye karibu zaidi, ambaye ofisi yake tunaipita kila siku tukienda kazini, na ambaye mtu wake anachukua jetoni, hatumwulizi kitu. Anakaa kimya, nasi tunaendelea kutazama Kinshasa.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Binti yangu alipozaliwa, nilienda kwenye ofisi moja ya kuandikisha vizazi, ile tunayoiita etasivili. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inampa mzazi siku 90 za kutangaza kizazi cha mtoto wake, bila malipo. Mimi ni mwandishi wa habari, nilisomea kazi hii kwenye chuo kikuu, na sheria hiyo nilikuwa naijua. Hata hivyo niliombwa pesa, na nilipoomba risiti, niliambiwa nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nilitaja mwaka na namba ya sheria, na karatasi ikatoka dakika ile ile.

Fikiria sasa yule mama wa sambaza. Hana asubuhi tatu za kupoteza. Akikosa pesa, ataacha. Siku 90 zikipita, kumwandikisha mtoto kunahitaji hukumu ya tribinali, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Mtoto atakua bila karatasi. Siku ya mtihani wa taifa, siku ya kuomba pasipoti, siku ya kugawa urithi, ndipo atakapojua kwamba kwa serkali yake yeye hakuzaliwa. Hilo ndilo deni la komini linapomfikia mtoto ambaye hajui hata neno komini.

Mfano wa pili kila mkaaji wa Bukavu anaujua. Takataka zisizochukuliwa mtaani hazikai mtaani. Mji wetu umejengwa juu ya milima. Mvua ikinyesha, kila kitu kinashuka. Chupa na mifuko vinapita kwenye mito yetu midogo kama Kawa na Wesha, vinaingia Ziwa Kivu, kisha maji yanavipeleka kwenye mto Ruzizi hadi kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi ya kwanza. Pale plastiki zinaziba njia ya maji, mashine zinasimamishwa, na taa zinazimika mjini. Kisha tunaitukana SNEL, wakati ugonjwa ulianzia kwenye mfereji wa mtaa wetu.

Najua wakuu wa komini watajibu nini, kwa sababu nimewasikia mara nyingi. Watasema: Kinshasa haitupi haki yetu. Na hapo wanasema kweli. Kifungu cha 175 cha katiba kinatoa asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, na kinasema zikatwe palepale zinapopokelewa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo iende kwa miji, komini, sekta na sheferi. Piga hesabu: kwenye kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za majimbo, na ndani ya hizo 40, franka 16 zingefika kwenye ngazi iliyo karibu na raia. Tangu 2006 hadi leo, zile 40 hazijakatwa palepale kama katiba inavyoagiza. Kinachoshuka kinashuka kidogo kidogo, siku kinapotaka. Kuna watumishi wa komini wanaofanya kazi miezi mingi bila mshahara, kwenye ofisi zisizo na hata meza nzuri. Haki hiyo tuidai pamoja nao.

Lakini jetoni ya soko haitoki Kinshasa. Inatoka kwenye kitambaa cha mama, hapa hapa Bukavu, kila asubuhi ya Mungu. Pesa hiyo haina kisingizio cha safari ndefu. Kabla ya kutuambia kile ambacho hakijafika kutoka mbali, tuambieni kwanza kile mlichopokea karibu. Mtu asiyeonyesha alivyotumia franka moja, tutaamini namna gani kwamba angetumia vizuri 16?

Wengine watasema: inchi iko vitani, huu si wakati wa kuzungumza mifereji. Vita vinatuumiza sote, na hakuna familia hapa isiyo na ndugu aliyekimbia mahali fulani. Lakini vita havijamzuia mtoza kodi kupita kila asubuhi. Ikiwa kuchukua kunawezekana wakati wa vita, kutoa hesabu pia kunawezekana.

Tuangalie jirani. Kenya ilipitisha katiba mpya mwaka 2010, na mwaka 2013 kaunti zake 47 zilianza kazi. Jedwali la nne la katiba hiyo linaorodhesha kazi za kaunti: vituo vya afya, masoko, njia za kaunti, kuondoa takataka, kuzima moto, shule za watoto wadogo. Katiba yao inazihakikishia kaunti zote pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Sisi katiba yetu imeahidi majimbo asilimia 40. Kwenye karatasi, sisi ni matajiri kuliko Wakenya.

Si kwamba kaunti za Kenya ni paradiso. Kuna wizi, kuna masoko yaliyojengwa nusu, kuna madaktari wanaogoma juu ya mishahara. Lakini mkaaji wa Nairobi anajua takataka ni za kaunti, na anajua mlango wa kugonga. Mwezi wa 12 mwaka 2020, gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliondolewa kazini: wawakilishi wa kaunti walipiga kura ya kumwondoa, na Seneti ikathibitisha. Kiongozi wa mji mkuu aliulizwa na watu wa ngazi ya mji wake, na akaondoka.

Sisi pia tuna watu wa kuuliza kwa niaba yetu. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, siku tuliyopiga kura ya rais na wabunge, tulichagua pia washauri wa komini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Karatasi ilikuwa moja zaidi kwenye mashine, na wengi wetu tulibonyeza haraka ili tuondoke kwenye foleni. Lakini kisheria kazi ya washauri ni kubwa: kuchagua mkuu wa komini na msaidizi wake, kupitisha bajeti ya komini, na kuwauliza viongozi walivyoitumia. Leo uliza watu kumi kwenye taksi ya kwenda Bagira jina la mshauri waliyemchagua. Sidhani utapata majibu matatu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na haliitaji mfadhili wala mkutano kwenye hoteli. Kila komini, Ibanda, Kadutu na Bagira, isimamishe ubao mmoja mbele ya ofisi yake, na mwingine kwenye kila soko. Kila mwisho wa mwezi iandike kwa Kiswahili mistari mitatu: tumepokea franka ngapi kutoka kwa jetoni na kodi zingine, tumezitumia kwa nini, zimebaki ngapi. Pembeni yake iandikwe bei ya kila huduma, na zile zisizolipiwa, kama kumwandikisha mtoto ndani ya siku 90, ziandikwe kwa herufi kubwa. Ubao na chaki havingoji pesa za Kinshasa.

Na sisi wakaaji tuna sehemu yetu. Kifungu cha 174 cha katiba kinasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Orodha ya kodi za jimbo na za ngazi hizi za chini iko ndani ya sheria ya amri namba 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2018. Anayekuomba pesa muulize kwa heshima: kodi hii inaitwaje, ni ya ngazi gani, na risiti iko wapi? Usigombane, usitukane, uliza tu. Akiulizwa na mtu mmoja atakasirika. Akiulizwa na soko zima, kesho atakuja na risiti. Vilevile, tusitupe chupa kwenye mfereji kisha tukadai mfereji usafishwe.

Nilirudi sokoni siku mbili baadaye kumpa yule mama jibu. Nilimwambia: «Mama, hiyo jetoni ni ya komini, na mfereji huu nyuma yako ni wa komini pia.» Aligeuka, akautazama mfereji muda mrefu, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Kisha akafungua kitambaa chake, akaanza kuhesabu jetoni.