Sehemu ya 9: Ulizeni kabla bibi hajafumba macho

Leo tuache presha na sukari kidogo, tuongee urithi.

Sisi tunaotunza wazee huku Marekani tunavijua vile visanamu vya kauri vya watoto wenye mashavu mekundu, vimejaa kwenye kabati la kioo. Vinaitwa Hummel. Aliyechora ile michoro ni mtawa wa Ujerumani, Maria Innocentia Hummel, na kampuni ya Goebel ikaanza kuvitengeneza 1935. Mtawa mwenyewe alifariki 1946 kwa kifua kikuu, ana miaka 37 tu. Baada ya vita, wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa kule wakawabebea wake na mama zao.

Mzee akishafariki, nimeona ndugu wakinuniana kwa ajili ya kabati hilo, kila mmoja akidhani ni dhahabu. Jamani, si dhahabu. Vilitengenezwa vingi mno, waliovikusanya wanaondoka duniani, na wajukuu hawavitaki. Kile cha kawaida leo mara nyingi kinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Basi familia ikikuuliza, au ukiachiwa wewe, kigeuze usome chini. Alama ya taji ni ya zamani, kabla ya 1950. Nyuki ndani ya herufi V alifuata. Pitisha kidole taratibu kwenye pua, mikono na ukingo wa kofia: palipomeguka au kugundishwa, bei imeshuka. Mtandaoni usiangalie bei anayotaka muuzaji, angalia iliyolipwa. Na anayekutajia thamani asiwe ndiye anayetaka kununua. Huko ni kumkabidhi fisi bucha.

Ila mimi nasema tathmini ya kwanza ifanyike mwenyewe akiwa hai, tena kwa mdomo. Watoto wakae naye, washike kimoja kimoja, waulize: hiki ulipewa na nani? Unataka kiende kwa nani? Waandike. Wasingoje kumbukumbu ianze kupotea, maana ikishaanza, sisi manesi tunajua, mara nyingi hairudi. Soko litakwambia dola ngapi. Halitakwambia kwamba hiki mume wake alikileta kwenye begi la jeshi, na hapo ndipo ugomvi wa ndugu unapoanzia.

Na wewe nesi mwenzangu, bibi akikwambia "chukua hiki, ni chako", mshukuru, kirudishe kabatini, mwambie mwanawe na bosi wako. Kisanamu cha dola kumi kisikupotezee leseni.

Kwenu mnafanyaje? Niandikieni hapo chini.