Breki Ikishika, Usikimbilie Spea

Wasee wa Beetle za kitambo, leo mtaninunia: shida ya breki zenu si uzee wa gari. Ni fundi anayebadilisha vitu kwa kubahatisha, na wewe unayelipa bila kuuliza.

Stori ni ile ile. Unaendesha vizuri, kilomita chache baadaye gari inakuwa nzito, kuna harufu ya kuungua, ukitoa mguu breki haziachi. Fundi anasema masta silinda imeisha. Unateremka Kirinyaga Road, unanunua mpya, inafungwa. Wiki haijaisha, breki zimeshika tena.

Mbona asipime kwanza? Inahitaji jeki na spana moja tu. Breki zikiwa bado zimeshika, weka mawe gari isisonge, inua gurudumu, kisha legeza kidogo ile skrubu ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likiachia, presha ilikuwa imenaswa. Likibaki limekaza, shida iko hapo hapo ndani: pistoni imeganda kwa kutu, springi imekatika, au kwa magurudumu ya nyuma, kebo ya handbreki hairudi.

Kama ni presha, hesabu magurudumu. Limeshika moja? Shuku mpira wake wa breki. Nje uko poa, lakini ndani umevimba: mguu unasukuma mafuta yapite, kurudi yanakwama. Yameshika yote manne? Angalia pedali. Kati ya fimbo yake na pistoni ya masta silinda, Beetle inataka nafasi ya milimita 1 hivi. Ikikosekana, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto yanapanuka, breki zinajikaza zenyewe. Hapo hata masta silinda mpya haisaidii, na kurekebisha nafasi hiyo hakuhitaji spea yoyote. Nafasi ikiwa sawa, sasa ndio uilaumu masta silinda.

Kinachoniudhi zaidi ni fundi anayelegeza breki ndani ya dramu ndio gari itembee, halafu anasema imekubali. Huko ni kuficha ugonjwa. Siku ukiteremka kuelekea Mai Mahiu, pedali itaenda chini sana kabla breki zishike, na hapo hakuna wa kumpigia simu.

Si lazima uwe fundi. Lakini akitaja spea, muulize: "Umelegeza skrubu ukaona nini?" Akikosa jibu, tafuta mwingine.