NYUMBA NA MATUMIZI
Kabla ya Kuinunulia Mashine Ubongo Mpya

Juma hili nimeitwa na jamaa yangu mwenyewe hapa Budondo kuamua shauri la fedha, na kwa kuwa nadhani shauri kama hilo limo katika nyumba nyingi za askari, naona afadhali tulizungumze sote.

Dada yangu ameolewa na askari. Shemeji yuko kazini mbali na nyumbani, na kila fedha anayoituma huja na maagizo yake: hii ni ya karo, hii ya chakula, hii ya mabati. Mtoto wao wa kwanza, kijana aliyekwisha maliza kidato cha sita, anayo kompyuta ya michezo. Aliinunua ikiwa imekwisha tumika, kwa fedha aliyoichuma mwenyewe katika likizo. Miezi ya karibuni mchezo wa mpira ulianza kukwama. Mchezaji anakimbia, mara anasimama kama sanamu, kisha anaonekana mbele ya goli. Kijana akamwomba mama yake sehemu ya fedha ya mabati anunue prosesa mpya. Mama akakataa, kijana akanuna, nami nikaitwa.

"Mjomba," akaniambia, "mashine imezeeka ubongo. Nikibadili prosesa tu, yote yatakwisha."

Sikumjibu upesi, kwa maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba. Nikasikia kwamba za kizazi cha nane, zilizotoka mwaka 2017, zina viini sita badala ya vinne, na kwamba soketi yake nayo huitwa 1151 kama ya kwangu. Nikanunua bila kuuliza zaidi. Prosesa iliingia mahali pake vizuri kabisa, lakini mashine haikuwaka. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba ingawa idadi ya miguso ni ile ile, kampuni ilikuwa imebadili mpangilio wa umeme, na vizazi hivyo viwili havikubaliani ubao mmoja. Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Nyumbani kwangu tulikula mboga bila nyama kwa muda mrefu, na mke wangu hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angalisema.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: kwanza tupime, ndipo tununue.

Jambo la kwanza tulilolipima ni joto. Prosesa ikipata joto jingi mno hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ya kijana ni Core i5-7400, ambayo kikomo chake ni digrii 100. Tulipocheza mpira kwa robo saa ikafika 97. Tukazima, tukachomoa waya, tukafungua. Ndugu wasomaji, vumbi jekundu la barabara zetu lilikuwa limeziba kipoza joto hata mapezi yake hayaonekani, na ile krimu ya kupitisha joto, ipakwayo kati ya prosesa na kipoza, ilikuwa imekauka kama udongo wa ukutani. Tulisafisha kwa brashi laini huku tukiishika feni isizunguke, tukafuta krimu ya zamani kwa spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje ya njegere. Joto likashuka hadi sabini na kitu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko kilo moja ya nyama.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya RAM. Mashine ilikuwa na kijiti kimoja tu cha GB 8. Prosesa ile huweza kusoma vijiti viwili kwa pamoja, mithili ya mtu achotaye maji kwa mikono miwili. Ukiiwekea kimoja, umeifunga mkono. Kijana alikuwa na akiba kidogo, akanunua kijiti cha pili kinacholingana na cha kwanza.

Jambo la tatu ndilo linalotenganisha hukumu. Katika kila mchezo kuna wafanyakazi wawili wakuu: prosesa, ambayo hukadiria nani anakimbia wapi na mpira unadunda vipi, na kadi ya picha, ambayo huchora hayo yote kiooni. Aliye mzito kati yao ndiye humchelewesha mwenziwe. Ili kumjua, punguza wingi wa nukta za picha katika mchezo, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kazi ya kadi ya picha hupungua sana, bali ya prosesa hubaki karibu ile ile. Iwapo mwendo wa picha utaongezeka sana, aliyelemewa alikuwa kadi, na prosesa mpya haitakusaidia. Iwapo mwendo haubadiliki, basi prosesa ndiyo iliyochoka. Tena usidanganywe na hesabu ya jumla. Katika prosesa ya viini vinne, kiini kimoja kinaweza kufanya kazi hadi mwisho wa nguvu zake, nayo hesabu ya jumla ikaonyesha robo tu.

Tulipomaliza, mpira ulikwenda bila kukwama. Lakini haki ni haki: katika mchezo wa vita wenye majeshi makubwa, mwendo haukubadilika tulipopunguza nukta. Kijana hakuwa amekosea kabisa. Prosesa yake imezeeka kweli.

Sasa je, anunue? Hapa ndipo hapana budi kutazama ubao mama, kwa kuwa prosesa haihami peke yake. Ubao wa mpwa wangu hauwezi kupokea zaidi ya Core i7 za kizazi cha saba, na hizo nazo ni za mwaka 2017. Zaidi ya hayo, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 kwa kanuni zake hudai prosesa za Intel za kizazi cha nane au baada yake, isipokuwa chache mno. Kuununulia ubao huo prosesa ni kama kuezeka mabati mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa.

Mwenye ubao wa AMD wa soketi ya AM4 yu katika hali nyingine. Soketi hiyo ilidumu miaka mingi, hata bao nyingi za mwaka 2017 zinaweza kupokea Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5800X3D, zilizotoka mwaka 2022. Huyo akithibitisha kwa kipimo kwamba prosesa ndiyo nzito, anaweza kununua na kufaidi. Ila kwanza atafute katika orodha ya kampuni iliyotengeneza ubao wake kama prosesa hiyo imetajwa, kisha aisasishe programu ya BIOS kwa prosesa ya zamani kabla hajaichomoa. Na umeme usikatike wakati huo, kwa kuwa ubao waweza kufa.

Nataja umeme makusudi. Sisi wa Budondo tu jirani na Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012 lenye uwezo wa megawati 250, lakini ujirani huo hauzuii taa kuzima na kurudi kwa kishindo. Asiye na kidhibiti cha umeme anunue hicho kwanza.

Shauri letu likawa hili: mabati yabaki mabati. Kijana ataweka akiba yake mwenyewe, si kwa prosesa tu, bali kwa ubao, prosesa na kumbukumbu kwa pamoja, siku itakapotimia. Alikubali, na nadhani alikubali kwa sababu hakuambiwa "michezo ni upuuzi". Aliona vipimo kwa macho yake. Jioni ile alimpigia baba yake simu, akamweleza yote, hata digrii 97. Baba akacheka, akasema, "Vizuri. Silaha husafishwa kabla ya kuomba nyingine."

Dada yangu naye alikiri kwamba alikuwa amekataa kabla ya kusikiliza. Nami nimekiri kosa langu mbele yenu nyote, ili lisimgharimu mwingine. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hadi juma lijalo, kaeni salama.